Uzi wa Higildi-Pigildi

"Kumbe humu ndani ni higildi-pigildi!" alisema yule nesi, akacheka.

Pasi ikasimama. Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, yenye kijogoo cha shaba juu ya kifuniko, na Bi Povu alikuwa akiipitisha kwenye mgongo wa shati jeupe huku mkono wa kushoto ukitangulia kunyoosha mikunjo. Mkono wa kushoto ukasahau kazi yake. Wa kulia nao ukasahau. Mkaa peke yake ndio uliokumbuka, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kupanda.

"Mama, unaunguza."

Akaiinua pasi kwa pupa. Ncha yake ilikuwa imeacha alama ya kahawia upande wa chini, pale ambapo shati huchomekwa ndani ya suruali. Angalau hapo. Akaifunika kwa kiganja kana kwamba alama zile hufutika zikionewa haya.

"Umesemaje?"

"Nimesema unaunguza."

"Kabla ya hapo."

"Aa! Higildi-pigildi." Nesi alionyesha kwa kidevu mafurushi yaliyorundikana kwenye rafu, shuka zilizokaa juu ya kiti, soksi zilizolala ndani ya karai bila wenzao. "Yaani vitu vimechanganyikana, hiki juu ya kile. Usinichukulie vibaya, mama. Ni neno la nyumbani kwetu tu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa mama yangu. Yeye alilipata kwa kijana mmoja wa pasi, zamani hizo, mimi sijazaliwa. Mpaka leo akimtaja anacheka hadi machozi yanamtoka." Akatazama saa ya simu, akaruka. "Mungu wangu, nimechelewa! Mama, ndiyo kwanza nimehamia mtaa huu, sina sare nyingine. Nizipitie jioni? Leo naingia zamu."

Aliacha furushi lake mezani, akageuka. Alipofika mlangoni alizisukuma nywele nyuma ya sikio, na Bi Povu akaliona sikio lenyewe. Lilitokeza nje kidogo, kama kishikio cha sufuria.

Bi Povu akatafuta kiti, akakikalia pamoja na shuka za watu.

Masikio ya namna ile aliyajua. Alikuwa ameishi nayo tangu ujana wake. Yalikuwa ya mume wake, Mzee Pasi, aliyefariki mwaka jana, mtu mpole, mpenda mizaha, aliyekuwa akiinamia meza ile ile na pasi ile ile, masikio yake yakiangazwa na jua la dirishani hadi yakawa mekundu. Hata hilo neno lilikuwa lake. Tena siyo lake peke yake. Lilikuwa la wao wawili.

Enzi hizo walikuwa wameoana juzijuzi tu, dobi wawili wachanga wenye wateja wa kuhesabika, mvua ilipowakuta. Bi Povu alikimbilia kambani na kuanua nguo za nyumba tatu kwa mkumbo mmoja, zote kifuani, akaja kuzibwaga kitandani. Hapo ndipo alipong'amua alichofanya. Mashati meupe yote yalifanana. Vitambaa vya meza vyote vilifanana. Nani wa nani? Akaanza kulia, mwanamwali wa watu, akiamini ndoa imemfia mkononi. Mume akaingia, akatazama kitanda, akatazama uso wa mkewe, akasema: "Higildi-pigildi!" Kisha akajitupa katikati ya rundo lile la nguo mbichi, akacheka.

"Ndiyo nini hiyo?" alimuuliza katikati ya machozi.

"Neno. Nimelitunga sasa hivi, kwa ajili yako."

Siku ile ndipo walipobuni nyuzi. Kila mteja akapewa rangi yake, mshono mdogo ndani ya kola au kiuno: kijani wa mwalimu, kahawia wa seremala, njano wa mama wa duka la dawa, na mapacha wa nyumba ya ghorofa wote zambarau ila mmoja ana fundo. Nguo za kwao wenyewe hazikuwa na rangi. Mumewe aliokota masazo ya nyuzi zote, akayasokota pamoja viganjani, na huo ukawa uzi wa higildi-pigildi, usiotumika kwa mtu mwingine yeyote. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na uzi huo na neno hilo, na Bi Povu hakuwahi kuona kwamba ni kidogo.

Sasa neno limetoka kinywani mwa msichana mgeni mwenye masikio. Na kama neno lilitoka kwa mumewe likaenda kwa mwanamke mwingine, labda si neno peke yake lililokwenda.

"Kabla yeye hajazaliwa," alijisemea. "Kabla kwa muda gani?"

Akafungua furushi la nesi, akaziloweka sare, akazitoa, akaziloweka tena. Kwa kawaida nguo ya mteja mpya haigusi maji kabla haijatiwa uzi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba ile, na siku hiyo aliipita kama asiyeiona. Alifua sare za nesi na mashati ya mwalimu katika karai moja. Akaanika soksi kwenye kamba ya shuka. Aliporudi mezani akapiga pasi taulo.

Jua lilipopanda hakuweza tena. Akafunga mlango wa mbele, akavuka barabara kwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa ameketi kibarazani akichambua vitunguu vyake vya kuuza. Wifi yule alikuwa na ulimi ambao mtaa mzima uliuogopa na kuufuata.

"Wifi, kaka yako alikuwa wapi kabla ya kunioa?"

"Leo ndiyo unauliza? Bidhaa umeshaitumia hadi imekwisha, ndiyo unataka kujua ilitengenezwa wapi?"

"Nijibu bwana, sina utani."

Wifi akamtazama vizuri, akaweka kitunguu chini. "Alikuwa mjini, kwenye nyumba ya watu wakubwa, anafua na kupiga pasi. Halafu siku moja akarudi kwa miguu, hana begi, hana kiatu cha maana. Ameibeba ile pasi tu. Tukamuuliza, hakusema. Kaka yangu, yule msemaji, alikaa kimya mpaka mama akafikiri karogwa."

"Kulikuwa na mwanamke?"

"Nyumba ya watu wakubwa ilikosaje mwanamke?"

"Wake, nakuuliza! Kulikuwa na mwanamke wake huko?"

"Ee, makubwa! Unamwonea wivu maiti?" Wifi alitaka kucheka, kicheko kikamgomea njiani. "Mke wa kaka yangu, una nini?"

"Wewe unadhani mtu anaweza kuwa na mtoto mahali, akaishi miaka yote hiyo, akala, akalala, asiseme?"

"Mwanamume? Anaweza." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Huyu wako, sijui. Wallahi sijui."

Alirudi nyumbani akiwa amevurugika zaidi ya alivyoondoka. Nguo zilikuwa zimekauka. Akazianua, akazipiga pasi moja baada ya nyingine, akazikunja kwa mazoea ya mikono huku akili ikizunguka mjini, kwenye nyumba asiyoijua, ikifungua milango asiyoijua. Nyuma ya kila mlango alikuwapo mwanamke kijana anayecheka hadi machozi yanamtoka. Hasira zilimjaa, akamwambia marehemu maneno ambayo hakuwahi kumwambia alipokuwa hai. Kisha akamwomba radhi. Kisha akayarudia.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyempiga hodi. Alikuja kuchukua mashati yake, na kama kawaida alikuja na muda wa kutosha wa kukaa.

"Mwalimu, kuna neno nataka nikuulize."

Uso wa mwalimu ukang'aa. Tangu astaafu, watu walimuuliza habari za mgongo wake tu.

"Higildi-pigildi."

"Oho! Hicho ni Kiingereza, Bi Povu. Kiingereza kabisa."

"Siyo la kutungwa?"

"Kila neno lilitungwa na mtu. Lakini hilo ni la zamani, lina zaidi ya miaka mia nne. Maana yake fujo, vurugu, vitu kulala kichwa hiki mkia ule. Asili yake sasa..." Mwalimu akaegemea. "Wengine husema limetokana na nguruwe. Ndani yake mna jina la nguruwe kwa lugha yao. Ukiwaona wamerundikana zizini, huyu mguu wake kwenye sikio la yule, basi ndiyo hiyo. Lakini wengine hukataa. Husema ni mlio tu, watu waliona utamu wa ulimi wakaligandisha neno na pacha wake."

"Kwa hiyo ni nguruwe au si nguruwe?"

"Haijulikani."

"Wenyewe hawajui?"

"Wenyewe hawajui. Na sisi je? Tunasema shaghalabaghala kila siku. Umewahi kumuuliza mtu limetoka wapi?"

Bi Povu hakuwa na nafasi ya shaghalabaghala. Aliyokuwa nayo yalimtosha. Neno lilikuwa la Waingereza, lilikuwa na umri wa miaka mia nne, pengine lilikuwa la nguruwe, na mumewe alikuwa ameketi juu ya kitanda chao akamwambia amelitunga sasa hivi, kwa ajili yake. Basi alimdanganya. Kumbe alijua kudanganya, tena kwa kicheko. Na anayedanganya hili anadanganya na lile.

Akampa mwalimu furushi lake bila kumtazama. Mwalimu akaenda zake, ameridhika, akijirudia habari za nguruwe.

Nesi alirudi jua likiwa limelegea, anahema, viatu vyeupe mkononi.

"Mama, nipe niende! Nibadilishie humu humu."

Bi Povu akaenda kwenye rafu. Hakuziona. Akatazama kwenye kiti, chini ya meza, ndani ya karai. Akashusha furushi la seremala, akalifungua: kahawia, kahawia. Akafungua la mama wa duka la dawa. Akageuza kola moja baada ya nyingine akitafuta uzi, ndipo akakumbuka. Hapakuwa na uzi wa kutafutwa. Sare zile hakuzitia rangi yoyote.

"Sikukutia uzi," alisema.

"Uzi gani?"

"Sikukutia uzi, mwanangu. Sijui nimekuweka na nani."

Nesi hakuelewa, ila aliona yule mama anageuza kola ile ile mara ya tatu. Akaweka viatu chini, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kusaidia. Walishusha kila kilichokuwa juu. Mapacha wakachanganyika na seremala, shuka zikamwagika sakafuni, na muda si muda wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti katikati ya nguo za mtaa mzima.

"Sasa hii ndiyo yenyewe," nesi alisema kwa sauti ya chini, akijaribu kumchekesha. "Mama yangu angeona hapa!"

Bi Povu akaacha kutafuta. "Niambie huyo kijana wa pasi."

"Sasa hivi, mama? Zamu..."

"Niambie."

Labda ilikuwa sauti yake. Nesi akakaa chini vizuri, shati la mtu mapajani.

"Mama alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya watu wakubwa. Kulikuwa na kijana wa kufua na kupiga pasi. Bibi mwenye nyumba alikuwa akisimama kwenye mlango wa chumba cha pasi kila asubuhi anamfokea kwa neno hilo, higildi-pigildi, huku ameelekeza kidole kabatini. Yule kijana Kiingereza hajui. Akaja jikoni, akamuuliza mama lina maana gani. Mama naye hajui, lakini alimwonea huruma. Akamwambia, maana yake ni 'kijana wangu mzuri'."

"Akaamini?"

"Ndipo mama anapocheka hapo. Anasema alifikiri kidogo, akamwambia, 'Dada, mbona sasa analisema kwa meno?'"

Bi Povu akafunga macho. Ilikuwa sauti ya mumewe kabisa. Hata kule kusitasita kabla ya kusema kulikuwa kwake.

"Basi ikawa mchezo wao. Mama akimpa chai, 'Chukua chai, higildi-pigildi.' Mpaka siku ile bibi alipozimwaga nguo zote za kabati sakafuni, akazikanyaga kwa viatu, akamfukuza hapo hapo bila chochote. Bwana wa nyumba ndiye aliyeona haya, akampa ile pasi kuukuu mlango wa nyuma. Mama alimsindikiza hadi getini. Anasema hakulia, ila masikio yalikuwa mekundu. Akifika hapo, mama hacheki tena... haendelei. Anafuta macho, anasema basi."

Barabarani mtu alipita akiburuta mkokoteni. Bi Povu alisubiri upite.

"Wewe baba yako nani?"

"Baba?" Nesi alishangaa. "Dereva wa malori. Amestaafu, yupo nyumbani anaumwa magoti na kugombana na redio. Mama alikutana naye baadaye, alipohamia..." Alitazama pasi yenye kijogoo mezani. Alitazama picha ukutani, ya mzee anayecheka, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa sikio. "Haya ni ya bibi yangu mzaa baba, mama. Ukoo mzima tunayo. Shuleni waliniita Antena."

"Naona," alisema Bi Povu.

Alingoja furaha ije. Alikuwa ameihangaikia kutwa nzima, na sasa ilikuwa haki yake: mume wake alikuwa wake. Hakumwachia mtu chochote isipokuwa kicheko na mpishi mwema. Na furaha ilikuja kweli, ikamlegeza mabega. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitazamia, kikamuuma hadi akashika sakafu. Kutwa nzima alikuwa amemchukia msichana huyu, na kutwa nzima, chini ya chuki ile, alikuwa ametumaini. Mahali fulani duniani masikio yale yawe bado yanatembea. Hata kwa aibu. Hata kwa mwanamke mwingine. Sasa hayapo tena, na ilimuuma kama kuzika mara ya pili.

Akalia. Hakujificha. Nesi, ambaye kazi yake ilimfundisha lini aseme na lini anyamaze, alimshika mkono tu, wakakaa hivyo juu ya nguo za watu.

"Aliniambia amelitunga kwa ajili yangu," Bi Povu alisema mwishoni. "Mimi nilikuwa nimemwaga nguo kitandani, zote. Kumbe yeye alikuwa ameyaona hayo mahali pengine. Kumbe alipoingia akaona..."

Alikuwa akimwona kijana mlangoni, mbele yake nguo zimemwagika na mtu analia, na neno moja tu alilofundishwa kwa hali kama ile. Na hakulisema kwa meno.

"Hodi!" Mwalimu mstaafu alikuwa amesimama kizingitini, amechoka na amekasirika kwa adabu. Mkononi aliinua gauni jeupe lenye mifuko miwili na mshipi, na kwapani alikuwa na jingine kama hilo. "Bi Povu, mimi nimefundisha miaka mingi, lakini uuguzi sikuusomea. Na shati langu moja limeungua." Kisha akaona sakafu, akaona nyuso zao. Mdomo wake ukafunguka, neno likamjia hadi ncha ya ulimi, akalimeza. Akayaweka magauni juu ya meza taratibu, akarudi nyuma. "Nitakuja kesho," alisema.

Nesi alibadilisha nguo nyuma ya pazia huku akijifunga vifungo kwa haraka. Alitoka akiwa mweupe kutoka juu hadi chini, akavaa viatu, akasimama.

"Mama, mimi rangi yangu ipi? Nisije nikapotea tena."

Bi Povu akachukua kopo la nyuzi. Alitafuta ndani kwa vidole. Nyekundu ilikuwa na mwenyewe, bluu ilikuwa na mwenyewe, hata ile ya waridi aliyoichukia ilikuwa na mwenyewe. Chini kabisa kulikuwa na masazo, vipande vifupi vya kila rangi, ambavyo tangu mwaka jana hakuwa na sababu ya kuvigusa. Akavitoa. Akalowesha viganja, akavisokota pamoja hadi vikashikana, akatunga sindano kwa shida kidogo kwa sababu macho yalikuwa bado na maji.

"Huo wa nani?" nesi aliuliza.

"Wa nyumbani. Inama kidogo, usitikisike."

Nesi akainama. Bi Povu akageuza kola, akashona polepole, kiganja chake kikiwa karibu na sikio lile. Lilikuwa na joto. Akapiga fundo, akatafuta mkasi, mkasi ulikuwa umezama mahali fulani sakafuni chini ya seremala na mapacha, na nje giza lilikuwa linakaribia.

"Nenda," alisema. "Unachelewa."

Msichana akatoka mbio. Bi Povu alisimama mlangoni akimtazama anavyokwenda chini ya barabara, gauni jeupe likipungua, na juu ya kola yake ncha ya uzi wa rangi zote, isiyokatwa, ikichezacheza.